Maktaba za umma zisiwafungie mlango watoto wanaosomea nyumbani

Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja, na mama alikuwa ameijaza vizuri hadi alipofika mstari wa sita. Hapo palitakiwa jina la shule ya mtoto, na chini yake paliachwa nafasi ya sahihi na muhuri wa mwalimu mkuu. Mama aliinua kalamu, akanitazama mimi, kisha akamtazama mkutubi. "Mwanangu husomea nyumbani," alisema. Mkutubi, kijana mpole ambaye hapana shaka hakuwa na nia mbaya, aliigeuza fomu huku na huku kana kwamba jibu lingepatikana upande wa pili. "Mama, si mimi," akajibu hatimaye. "Ni fomu."

Kisa hiki nilikishuhudia katika maktaba moja ya umma magharibi mwa nchi, ambayo sitaitaja kwa kuwa sina haja ya kumwaibisha mtu. Mama mwenyewe namjua. Alikuwa mwanafunzi wangu wa isimu miaka kadhaa iliyopita, akahitimu, akafunza Kiswahili katika shule ya upili, kisha akaacha kazi. Hakuacha kwa kuzichukia shule. Mwanawe wa kwanza ana ugonjwa wa selimundu, ule wa chembe za damu, na haupiti muhula mmoja bila mtoto huyo kulazwa hospitalini au kushinda kitandani akiumwa viungo. Kila aliporudi darasani alikuta wenzake wamekwisha mpita. Baada ya miaka miwili ya hali hiyo mama aliamua kumfunza mwenyewe, na mdogo wake akajiunga naye mezani.

Mkutubi alijaribu kusaidia. Alimshauri mama atafute mwalimu mkuu yeyote anayemfahamu ampigie muhuri, mambo yaishe. Mama alikataa. "Kijana wangu," alimwambia, "mtoto huyu nimemfunza wiki hii hii kwamba uongo ni uongo hata ukiandikwa kwa wino mzuri. Nitamwambia nini?" Tukatoka nje na fomu yetu isiyokamilika.

Nimeyawaza sana maneno ya yule kijana: ni fomu. Maadamu fomu haijiandiki yenyewe, yupo mtu aliyekaa mahali fulani akaamini kwamba mtoto hawezi kuwa msomaji ila awe kwanza mwanafunzi wa shule. Ni imani hiyo ninayotaka kuijadili leo, kwa sababu naamini haiwadhulumu tu watoto wachache wanaosomea nyumbani, bali imetupotosha sote kuhusu kazi ya maktaba.

Elimu ya nyumbani inapotajwa humu nchini, wengi wetu huwaza jamii chache zenye uwezo jijini Nairobi, zinazoagiza vitabu kutoka ng'ambo na kuwasajili watoto wao kwa mitihani ya Uingereza. Jamii hizo zipo. Zipo pia familia zinazochukua hatua hiyo kwa sababu za dini, na nyingine kwa kuchoshwa na mbio za mitihani. Lakini wamo wengine ambao hatuwahesabu tunapozungumza habari hii. Yumo mtoto mgonjwa kama huyu wa mwanafunzi wangu. Yumo mtoto mwenye ulemavu ambaye shule ya karibu haina ngazi anayoweza kuipanda wala mwalimu aliyefunzwa kumhudumia. Yumo msichana aliyejifungua na ambaye, ingawa sera ya serikali inamruhusu kurudi darasani, hana wa kumwachia mwana. Wamo watoto wa wafugaji wanaohama na mifugo msimu wa kiangazi. Wengine husomea nyumbani kwa hiari na wengine kwa kulazimika, na ukimwona mtoto ameinamia kitabu huwezi kujua yupi ni yupi.

Sheria yetu haiwaoni. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 nayo inamtwika mzazi wajibu wa kuhakikisha kwamba mtoto anahudhuria shule, na inazigawa taasisi za elimu hiyo katika mafungu mawili pekee, shule za umma na shule za kibinafsi. Nyumba haimo. Wapo wazazi ambao wamefikishwa mahakamani kwa ajili ya jambo hili, na wapo wanaofunza watoto wao kimyakimya, mapazia yameshushwa, wakihofia jirani mwenye mdomo mrefu. Sina nia ya kuwaamulia mahakimu hapa. Mimi mwenyewe si mtetezi wa elimu ya nyumbani. Watoto wangu wote wamepitia shule za umma, na ninaamini kwamba mtoto hujifunza kwa wenzake mengi ambayo mzazi hawezi kumpa. Swali langu ni dogo kuliko hilo. Je, maktaba ina haja gani ya kumwuliza mtoto anakosomea?

Sisi wanaisimu tuna mazoea mabaya ya kuchimbua maneno penye mjadala, na naomba msomaji anivumilie kwa aya moja. Leo neno "chuo" kwetu lina maana ya mahali pa kufunzia: chuo kikuu, chuo cha ualimu. Lakini katika Kiswahili cha kale, kile cha washairi wa Lamu na Pate, chuo ni kitabu. Vyuo ni vitabu. Mwanachuoni ni mtu aliyebobea katika vitabu, wala si mtu aliyesajiliwa mahali. Baadaye jina la kitabu likahamia kwa mahali pa kukisomea, na mtoto wa pwani akawa "anatiwa chuoni", maana yake anapelekwa kwa mwalimu kusoma Kurani. Mwalimu huyo aghalabu alifunzia nyumbani kwake, barazani au ukumbini, watoto wakiwa wamekaa mkekani. Kwa maneno mengine, wazee wetu walikuwa na neno moja kwa kitabu na shule, na shule yenyewe ilikuwa ndani ya nyumba. Sisi ndio tuliotenganisha vitu vitatu hivyo. Tukaiweka shule kwingine na kitabu kwingine, na nyumba tukaiachia usingizi.

Jinsi tulivyotenganisha kitabu na shule inaonekana wazi katika Katiba yenyewe. Msomaji na achukue Mpangilio wa Nne, unaogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na zile za kaunti. Elimu, kwa maana ya sera, viwango, mitaala, mitihani pamoja na shule za msingi na za upili, imebaki kwa serikali ya kitaifa. Kaunti zimeachiwa elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Maktaba je? Maktaba zimo katika orodha ya kaunti, lakini hazikuwekwa karibu na chekechea. Zimo katika fungu la burudani na starehe za umma. Orodha yenyewe inaanza na kamari na kasino, ikaja mashindano ya mbio, ikaja utoaji wa leseni za pombe, sinema, maonyesho ya video, halafu maktaba, halafu makumbusho, michezo, bustani na fuo za bahari.

Sisemi haya kwa kejeli. Waandishi wa Katiba walikuwa na sababu zao, na mahali pengi duniani maktaba huhesabiwa pamoja na makumbusho na utamaduni. Lakini mpangilio huo una matokeo. Afisa wa bajeti wa kaunti anapokaa kugawa fedha, maktaba humjia katika faili moja na uwanja wa mpira na bustani ya maua, wala haimjii katika faili ya elimu. Na Wizara ya Elimu inapoulizwa kuhusu maktaba za umma ina haki ya kujibu kwamba hilo ni jambo la kaunti. Hapo katikati ndipo anapotumbukia mtoto ambaye hana shule. Wizara haimjui kwa kuwa hamo darasani, na kaunti, ambayo ingemjua kama mkazi tu anayetaka kitabu, inamtaka alete muhuri kutoka kwa Wizara. Fomu ile ya mama inasikitisha kwa sababu hii. Idara isiyo ya elimu inadai kibali cha elimu.

Haikukusudiwa iwe hivyo. Bodi ya Huduma za Maktaba ya Kitaifa iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, miaka miwili tu baada ya Uhuru, wakati taifa lilipokuwa na shule chache za upili na watu wazima wengi wenye kiu ya kusoma. Maktaba ilitarajiwa kumfikia yule ambaye shule haikumfikia. Moyo huo haujafa kabisa. Tangu mwaka 1996 kumekuwa na ngamia wanaobeba masanduku ya vitabu kutoka Garissa kwenda kwa jamii za wafugaji, hema likatandazwa chini ya mti na watoto wakaazima. Huyo ngamia hamwulizi mtoto jina la mwalimu mkuu. Ajabu ni kwamba huduma ambayo wageni hufunga safari kuja kuipiga picha huko kaskazini mwa nchi inakosekana kwa mtoto anayeishi umbali wa kilomita moja kutoka maktaba yenye paa la vigae.

Kabla hatujaenda mbali, tukumbuke mwaka 2020. Tarehe 15 Machi mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba shule zote zingefungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba 12. Waliosalia walingoja hadi Januari 4, 2021. Kwa zaidi ya miezi tisa, kwa hiyo, watoto wengi wa Kenya walikuwa wanafunzi wa nyumbani, na kila mzazi alikuwa mwalimu, apende asipende. Serikali ilitangaza vipindi vya masomo kupitia redio na televisheni, na wenye simu na mtandao walitumiwa kazi. Wasio na stima wala mtandao walitegemea kilichokuwemo ndani ya nyumba. Katika nyumba nyingi kilichokuwemo ni Biblia au Kurani, kalenda ya mwaka uliopita na vitabu vya kiada viwili vilivyochanika jalada.

Maktaba nazo zilifungwa, na kwa sababu za afya huenda haikuwezekana vinginevyo. Lakini kufunga chumba cha kusomea ni jambo moja, na kufungia vitabu ndani ya chumba hicho ni jambo jingine. Vitabu vya watoto vilikaa rafuni miezi ile yote vikingoja wasomaji waliokuwa mtaa wa pili. Naliona hilo kuwa funzo ambalo hatujalijadili ipasavyo, kwa sababu linafichua udhaifu wa siku zote, wa kabla ya maradhi na wa baada yake. Maktaba zetu nyingi zimegeuka kuwa vyumba vya kusomea, na zimekoma kuwa ghala za kuazimia.

Ingia katika maktaba yoyote ya umma mwezi wa Oktoba, uwe Kisumu, Nakuru, Thika au Buruburu. Huenda ukakosa kiti. Vijana wamejaa, vichwa vimeinama, kimya kimetanda. Ukiwatazama kwa makini utagundua kwamba wengi hawana kitabu hata kimoja cha maktaba mkononi. Wamekuja na madaftari yao, muhtasari wao na karatasi za mitihani ya miaka iliyopita. Wanachotafuta ni meza, taa na utulivu, vitu ambavyo nyumbani kwao havipo. Siwalaumu hata chembe. Nilisoma hivyo hivyo nilipokuwa kidato cha nne. Hata hivyo, maktaba ikizoea wateja wa aina hii, hujisahau. Itajivunia idadi ya watu walioketi badala ya idadi ya vitabu vilivyotoka.

Kwa mtoto wa mwanafunzi wangu, tofauti hii ndiyo yote. Mkutubi hakumkataza kuingia na kusoma mle ndani; mlango u wazi kwa kila mtu. Alichomnyima ni kuondoka na kitabu. Lakini mtoto huyu, siku anayohitaji kitabu zaidi, ni siku ambayo hawezi kufika maktabani. Yuko kitandani, viungo vinamwuma, dirisha limefungwa asipigwe na baridi. Kitabu kilichobaki rafuni siku hiyo kina faida gani kwake?

Sasa tuangalie maktaba inaweza kumfaa vipi mzazi anayefunza. Watu hudhani ni suala la kupata vitabu vya kiada bila kununua. Hilo ni kweli kwa kiasi, hasa tukikumbuka kwamba mwaka 2013 vitabu viliingizwa katika kodi ya VAT ya asilimia 16 na bei ikapanda. Lakini vitabu vya kiada ndivyo rahisi zaidi kupata nje ya maktaba. Kigumu ni kile cha pembeni: kamusi kubwa, atlasi, kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki, hadithi ishirini tofauti zenye kiwango kimoja cha lugha ili mtoto asome bila kuchoka, magazeti ya zamani. Hakuna mzazi wa kipato cha kawaida anayeweza kuvinunua vyote hivyo, wala hana haja ya kuvimiliki. Anavihitaji kwa wiki mbili, kisha mwingine achukue.

Pia upo ufundi ambao shule nyingi hazina nafasi ya kuufunza, nao ni ule wa kutafuta. Mwanafunzi wangu alinisimulia somo moja alilompa mwanawe katika maktaba ile ile kabla ya habari ya fomu. Alimpa mtoto jina la Kiswahili na jina la Kiingereza, akamwambia atafute rafu ya fasihi ya kila lugha na ahesabu hatua. Maktaba zetu hupanga vitabu kwa mpango wa Dewey, uliotungwa Marekani mwaka 1876. Katika mpango huo fasihi ya Kiingereza ina namba 820, Kijerumani 830, Kifaransa 840, Kiitaliano 850, Kihispania 860, Kilatini 870, Kigiriki 880, halafu lugha nyingine zote za dunia zikasukumwa ndani ya 890. Kiswahili kimo humo, kwenye 896.392. Mtoto alianza na Kiingereza, akatembea, akatembea, akapita Wagiriki na Warumi, akafika mwisho wa rafu. Akamwuliza mama yake, "Mbona sisi tuko mbali hivi?"

Swali hilo, ndugu msomaji, ni mhadhara mzima wa isimujamii. Mimi huchukua muhula mmoja kuwafikisha wanafunzi wa mwaka wa pili penye swali kama hilo, na mtoto wa miaka kumi alilifikia kwa miguu asubuhi moja. Halikutoka katika kitabu chochote. Lilitokana na kuona vitabu vingi vimepangwa pamoja. (Nitasema pia, kwa faida ya wakutubi, kwamba si dhambi kuitoa fasihi ya Kiswahili kwenye namba yake na kuiweka karibu na mlango. Baadhi ya maktaba hufanya hivyo. Namba ibaki mgongoni mwa kitabu, rafu isogezwe.)

Nilipolisimulia jambo hili katika chumba cha wahadhiri, mwenzangu mmoja alipinga vikali. Alisema maktaba hazitoshi hata kwa watahiniwa. Kwa nini tuzilemeze kwa watu waliojitoa shuleni wenyewe? Hoja yake ina uzito, lakini haikuzingatia saa. Mtahiniwa huja jioni, Jumamosi na siku za likizo. Familia inayosomea nyumbani huja Jumanne saa nne asubuhi, wakati ambapo rafu za watoto hazina hata mtu mmoja na mkutubi anapigana na usingizi. Hawagombei kiti kimoja. Nchini Marekani, ambako elimu ya nyumbani imeruhusiwa katika majimbo yote, maktaba nyingi za umma ziligundua hilo zamani. Hutenga vipindi vya asubuhi kwa familia hizi, na baadhi humpa mzazi anayefunza kadi ile ile wanayompa mwalimu, yenye idhini ya kuazima vitabu vingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Sisemi tuige kila kitu cha Marekani. Nasema tu kwamba maktaba tupu saa za asubuhi ni mali iliyolala.

Mwenzangu aliongeza kwamba kumhudumia mtoto kama huyo ni kumsaidia mzazi kukiuka sheria. Hapa sikubaliani naye kabisa. Mkutubi si askari wala chifu. Tazama Ujerumani, ambako sheria inamlazimu mtoto kuhudhuria shule na elimu ya nyumbani kwa jumla hairuhusiwi. Hata huko maktaba za umma hazikugeuzwa kuwa vituo vya ukaguzi. Azimio la UNESCO kuhusu maktaba za umma, lililotolewa mwaka 1994 pamoja na shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba na kupitiwa upya mwaka 2022, linazitaka maktaba zihudumie kila mtu bila kujali umri, rangi, jinsia, dini, uraia, lugha wala hadhi, na linataja elimu ya kujifunza mwenyewe sambamba na elimu rasmi. Ikiwa serikali inaona mtoto fulani anapaswa kuwa darasani, ina maafisa wa kulifuatilia hilo. Kumnyima kitabu hakutampeleka darasani.

Nchi hii ina historia ya kuuliza mtu maswali mlangoni mwa maktaba. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, ile yenye simba wa mawe mbele yake, ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kama msomaji. Angeweza kuingia na ufagio. Leo jengo hilo ni mali ya wakazi wote wa Nairobi, na tangu mwaka 2018 shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limekuwa likishirikiana na kaunti kulifufua pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Kaloleni na Makadara ni mitaa ya watu wa kawaida, na matawi hayo yamekarabatiwa huku wakazi wakiulizwa wanachokitaka. Silinganishi fomu ya mkutubi wangu na ubaguzi wa rangi. Itakuwa kukosa adabu kwa waliodhulumiwa. Lakini nimejifunza kuogopa swali lolote linaloulizwa mlangoni ambalo halihusu kitabu.

Kwa upande wa kitabu, maktaba ina haki ya kujua mambo mawili: mtoto anaishi wapi, na nani atalipa kitabu kikipotea. Mzazi mwenye kitambulisho na hati ya makao anayajibu yote mawili. Kama kaunti inahofia wizi, na idai amana kidogo itakayorudishwa. Mstari wa sita ungeweza kufutwa kesho asubuhi kwa kalamu ya mkurugenzi, bila mswada na bila senti moja ya bajeti.

Yasiyo rahisi ni yale mengine. Vitabu vya watoto katika Kiswahili na katika lugha za mama ni haba, na vilivyopo vimechakaa. Ununuzi wa vitabu ndio wa kwanza kukatwa fedha zikipungua, kwa kuwa rafu haiandamani barabarani. Wakutubi waliofunzwa kushughulika na watoto ni wachache. Mambo haya yanahitaji wawakilishi wa wadi waulizwe na wapiga kura wao, na hapa nawalenga walimu wanaosoma safu hii. Nyinyi mnaheshimiwa katika baraza na katika mikutano ya bajeti ya umma. Mkisimama kudai vitabu vya maktaba hamtakuwa mnawapigania washindani wenu. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umewatuma wazazi wote kutafuta picha, habari na vifaa kila jioni. Mzazi wa mwanafunzi wako naye ni mwalimu wa nyumbani wa saa mbili, na yeye pia hana atlasi.

Kuna jambo jingine ambalo mwalimu mkuu anaweza kulifanya bila kusubiri kaunti. Anaweza kumwandikia mzazi wa kijijini mwake barua ya udhamini inayosema ukweli: namfahamu mtoto huyu, anasomea nyumbani, ni msomaji. Sijui kama maktaba zote zingeikubali, lakini ni bora kuliko muhuri wa uongo, na inamrudishia mwalimu kazi yake ya asili ya kuwa shahidi wa mtoto katika jamii.

Mwanafunzi wangu ameandika barua kwa ofisi ya kaunti inayohusika. Ni barua nzuri, yenye aya tatu na bila neno la hasira, nami niliisahihisha alama mbili tu za uakifishaji. Wiki saba zimepita na jibu halijafika. Kwa sasa watoto wake wawili wanaazima kwa kadi yangu, vitabu viwili kwa wiki mbili, jambo ambalo yamkini nalo limekatazwa mahali fulani katika fomu. Juzi nililipa faini ya kuchelewesha kitabu cha ndege. Mkubwa alikuwa amelazwa tena, na hakutaka kukirudisha kabla ya kumaliza sura ya korongo.